Kabla ya Kumleta Kilebu wa Pitibuli Penye Vijibwa: Mambo ya Kuzingatia

Ikiwa nyumbani kwako kuna vijibwa wawili au watatu wa kilo 4 au 5, na umeshaamua kumleta kilebu wa pitibuli, yasome haya kabla hujatoa arubuni. Nasisitiza neno kabla, kwa sababu karibu kila kosa nililolifanya nilikuwa nimeshalifanya siku ile nilipomshusha kilebu wangu, Jabali, kwenye tuktuk hapa Tudor, Mombasa, akiwa na wiki 9, amelala ndani ya kikapu cha ukili. Yaliyotokea mwaka mmoja na nusu baadaye yalitokana na siku hiyo.

Usimchukue kilebu aliye chini ya wiki 8, na usimchukue kwa muuzaji asiyeweza kukuonyesha mama yake. Baina ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapojifunza mambo gani ya dunia ni ya kawaida, na kilebu aliyenyang'anywa mama na ndugu zake mapema hukosa somo la kwanza kabisa, ambalo ni kupima nguvu ya meno yake. Mama umwangalie anavyowapokea mbwa wenzake, usitosheke na jinsi anavyokupokea wewe. Muuzaji anayetaka mkutane kituo cha mafuta akukabidhi mbwa ndani ya boksi, achana naye.

Chanjo ni jambo lisilo na mjadala. Za parvo na distempa, maradhi ya virusi yanayoua mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa hudungwa afikapo miezi 3. Vijibwa wako nao wawe na kadi ambazo muda wake haujapita. Ikiwa uani kwako aliwahi kufa mbwa kwa parvo, fahamu kwamba kirusi hicho hudumu udongoni kwa miezi mingi. Sakafu ya saruji isuguliwe kwa jiki, na sehemu ya mchanga kilebu asiikanyage mpaka amalize chanjo zake. Dawa ya minyoo na ya kupe wapewe mbwa wote siku moja, kwani katika joto la pwani kupe hawana msimu wa kupumzika, na ukimtibu mmoja umewahamishia wengine.

Kuhusu jinsia, mbwa wa jinsia tofauti kwa kawaida huelewana vizuri zaidi kuliko dume na dume au jike na jike. Hata hivyo, ukimleta dume wa pitibuli penye jike mdogo, panga mapema na daktari wa mifugo jike huyo afungwe kizazi, kwa sababu mimba ya dume mkubwa inaweza kumuua wakati wa kuzaa.

Suala la kugawa nyumba nitalieleza kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo nilipompoteza kijibwa wangu Kashata.

Kwanza mfahamu mbwa unayemleta. Mababu wa pitibuli walizalishwa Uingereza kwa kupambanishwa na mafahali, na baada ya Bunge la huko kuupiga marufuku mchezo huo mwaka 1835, watu wakaendelea kuwapambanisha mbwa kwa mbwa kwa siri. Waliovuka kwenda Marekani wakapata daftari lao la ukoo mwaka 1898. Katika mashimo walimopambanishwa mbwa, mtu aliingia na kuwatenganisha kwa mikono yake, na mbwa aliyemgeukia mtu hakutakiwa. Ndiyo maana unaweza kuwa na mbwa anayemlamba mtoto wako usoni na bado asiwavumilie mbwa wenzake, bila ya kuwa na kasoro yoyote kichwani. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 16 hadi 27. Weka uzito huo kando ya ule wa kijibwa wako kabla hujasema kwamba watazoeana.

Wangu walizoeana. Kashata alikuwa jike mweupe wa kilo 4, wa jamii ya Malta, mwenye miaka 6 wakati Jabali alipoletwa. Mwenzake, Tende, ni dume wa Spitz wa Kijapani. Miezi ya mwanzo Kashata ndiye aliyekuwa bibi wa nyumba: alimnyang'anya Jabali kifupa, alimfukuza mkekani, na kilebu yule akijilaza chali kuomba radhi. Alipofikisha mwaka mmoja, tayari ana kilo 20, bado walilala mkeka mmoja barazani, na kila mgeni aliyekuja nilimwonyesha jinsi walivyolala nikimwambia kwamba maneno ya watu kuhusu pitibuli ni uzushi. Sikujua kwamba mbwa hupevuka kimwili mapema, takriban miezi 6 hadi 9, lakini tabia yake huchelewa kukomaa, baina ya mwaka 1 na miaka 3, na kwamba katika kipindi hicho ndipo wengi wa jamii hii hupungukiwa na uvumilivu kwa mbwa wengine, wakiwemo waliokua nao. Urafiki wa kilebu wa miezi 4 haukuelezi lolote la kutegemea kuhusu mbwa wa miaka 2.

Dalili zilikuwepo kwa wiki tatu nzima. Jabali alianza kukakamaa juu ya bakuli lake, mdomo ameufumba, macho hayapepesi. Kashata aliacha kupita mlango wa jikoni ikiwa Jabali amelala kizingitini. Alizunguka kupitia uani, naye hakuwa mbwa wa kuzunguka. Siku moja Jabali alinguruma, nikamkemea na kumpiga kwa ndara, na tangu hapo hakunguruma tena, nami nikafurahi. Usimpige mbwa kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mimi nilimfunza aache kuonya.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Februari, saa tisa alasiri, joto limetanda. Muuza maji alifika na mkokoteni wake, akagonga geti kwa jiwe kama ilivyokuwa desturi yake. Mbwa wote watatu walitoka mbio, wakabanana kwenye kijia kilicho kati ya ukuta na tangi. Jabali akiwa anabweka na hawezi kumfikia mtu aliye nje, Kashata akakanyagwa, akatoa kile kilio chembamba cha kijibwa, na Jabali akageuka akamdaka mgongoni, nyuma ya mabega. Hawakuwa wamegombana. Mbwa aliyepandwa na hamaki, akizuiwa asifikie anachokitaka, humgeukia aliye karibu. Tena kilio chembamba cha kiumbe mdogo anayehangaika huamsha kwa mbwa mkubwa silika ya kuwinda.

Nilifanya yote ninayokukataza wewe. Nilipiga kelele, nikampiga kwa ufagio, nikamvuta kola, na kila nilipovuta alizidi kubana na nyama ikazidi kuchanika. Mpwa wangu akaingiza mkono, naye akaumwa kiganjani. Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa mashua maisha yake yote, ndiye aliyeingia akasema, "Mwanangu, usimvute! Acha kelele, mshike kola tu, miguu ya nyuma niachie mimi." Alimnyanyua miguu ya nyuma kama anayeshika rukwama, mimi nikaikaza kola juu ya shingo, karibu na masikio, mpaka mbwa akakosa pumzi na kuachia. Haya ujifunze kabla, pamoja na mtu mzima wa pili wa nyumba yako. Taya za pitibuli hazina kufuli lolote, kinyume na inavyosemwa vibarazani. Anang'ang'ania kwa sababu anataka kung'ang'ania. Wafugaji wenye uzoefu huwa na kijiti bapa cha mti mgumu, ambacho hupenyezwa nyuma ya magego na kuzungushwa ili mdomo ufunguke. Mwombe anayejua akuonyeshe, na ukitundike mahali ambapo mkono wako unakifikia gizani.

Kashata alisimama, akatembea. Mgongoni alikuwa na matundu manne, hakuna hata moja lililozidi punje ya kunde. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikamlaza, na kwa kuwa kliniki niliyoizoea ilikuwa imeshafungwa nikaamua nitampeleka asubuhi. Usiku alihema kwa shida. Alfajiri nilipomgusa ubavuni, ngozi ilikuwa imevimba na ikitoa mchakacho chini ya vidole, kama kwamba kuna mapovu ndani yake. Daktari tuliyempata alinieleza kwamba mbwa mkubwa akimdaka mdogo na kumtikisa, ngozi ya mdogo hufuata meno kwa kuwa ni legevu, hivyo nje hubaki tundu dogo ilhali ndani mbavu zimevunjika na pafu limetoboka. Kashata alikufa Jumapili hiyo kabla ya adhuhuri. Naamini angepata nafasi ya kupona lau ningempeleka jioni ile.

Kwa hiyo sikiliza: kijibwa aliyeumwa na mbwa mkubwa apelekwe kwa daktari saa ile ile, hata kama anatembea, hata kama anatingisha mkia. Kabla kilebu hajaingia nyumbani, uwe na nambari za madaktari wawili wa mifugo wanaopokea simu usiku na siku za mapumziko, na uwe umeshamuuliza kila mmoja kama ana hewa ya oksijeni na anaweza kupasua. Ikiwa unaishi Likoni na daktari yuko kisiwani, hesabu pia muda wa kusubiri feri.

Mpwa wangu naye alikuwa na safari yake. Jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mtu huenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Swali la kwanza tuliloulizwa lilihusu kadi ya mbwa, na kadi ya Jabali ilikuwa imepitwa na miezi miwili. Kijana alidungwa sindano zote, na mbwa akafungiwa siku 10 chini ya uangalizi. Andika tarehe ya chanjo kwenye kalenda ya ukutani.

Sasa gawa nyumba, na uigawe kabla, ukimfikiria mbwa mzima wa kilo 25 badala ya kilebu aliye kikapuni. Pawe na milango miwili baina ya upande wa mkubwa na upande wa wadogo, ili mmoja ukisahauliwa wazi wa pili uwe umefungwa. Grili ya kawaida haitoshi, kwani kijibwa hupenya katikati ya nondo. Mwambie fundi aongeze wavu mpaka usawa wa kiuno. Bawaba na komeo zikaguliwe kila mwezi, kwa sababu hewa ya bahari inakula chuma upesi, na wavu uliooza kwa kutu huachia kwa kishindo kimoja. Chakula na mifupa kila mmoja apewe upande wake, mlango ukiwa umefungwa, na mabakuli yaondolewe kabla ya kufunguliana. Geti likigongwa, wadogo hutangulia ndani kabla hujajibu hodi. Wakiwa pamoja, awepo mtu mzima anayewaangalia wao, si aliyepo huku akitazama simu. Mimi leo ninao Jabali na Tende, kila mmoja kwa zamu yake uani, na miaka mitatu imepita hawajagusana. Kazi hiyo ni ya kila siku, kwa muda wote watakaoishi, ambao ni miaka 12 au zaidi. Kama huna moyo nayo, chagua mbwa mwingine.

Majirani nao wahesabiwe. Katika mitaa yetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao mate ya mbwa yakiwagusa huwalazimu kuosha mara saba, moja kwa udongo. Jirani anayekwenda sala ya alfajiri hastahili kukutana na mbwa wako kichochoroni akiwa hana kamba. Leseni za mbwa ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, basi ulizia ofisi za kaunti mapema. Muuzaji akikushauri umkate kilebu masikio, kataa: ni ukatili, na vijibwa wako wanayahitaji masikio hayo ili wasome hali yake.

Zaidi ya hayo, usimtembeze saa za jua kali, lami humuunguza nyayo. Usimwache na mifupa ya kuku iliyopikwa. Msaidizi wa nyumbani afundishwe milango kama ulivyofundishwa wewe, na mgeni mwenye watoto aelezwe kabla hajavua viatu. Jike yeyote akiwa katika siku za kutaka dume, kijibwa wako akizeeka na kuanza kujikwaa, fataki za mwaka mpya zikilia, fundi akiacha geti wazi, ndugu akija kulala na mbwa wake, wewe ukisafiri na kumwachia nyumba mtu asiyejua komeo lipi linasumbua: katika siku kama hizo kila mbwa akae upande wake tangu asubuhi.