Jinsi ya kukusanya historia ya kijiji chenu huku kusini, wazee wakiwa bado wapo

Kama kwenu ni Newala, Masasi, Nachingwea au Liwale huko, usimfate babu na daftari ukamuuliza "mwaka 1974 mlikuwa mnafanya nini", mwaka haushiki huo, atakujibu tu kile anachohisi unataka kusikia. Muulize ilikuwa kabla ya operesheni vijiji, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, au baada, mtoto wa kwanza alizaliwa vita ya Mreno kule Msumbiji bado inapigwa au imeshaisha, tarehe utazitafuta mwenyewe baadae.

Anza na mahame. Muombe akupeleke pale walipokuwa wanakaa kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, miguu ikigoma basi akuelekeze uende na mjukuu. Utakuta miembe mikubwa na mikorosho imemezwa na pori, na ukishasimama pale maswali yanakuja yenyewe, mkorosho huu wa nani, nani alikuwa anarudi kuupalilia, waliuacha lini. Mi naona hapa ndo penye historia yetu kabisa, maana vitabuni utakuta korosho ya nchi ilipita tani 140,000 msimu wa 1973/74 halafu 1986/87 haikufika hata 20,000, wanataja bei mbovu, ugonjwa wa ubwiri unga, na watu kuwekwa mbali na mashamba yao, ila hiyo "mbali" ni bibi ndo anaijua, alikuwa anatoka alfajiri na mtoto mgongoni na anarudi saa ngapi.

Nachingwea ulizia na reli pia. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 ukafa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 60 ikang'olewa. Tafuta familia ambayo babu yao alikuwa kibarua pale.

Mwenyekiti wa kijiji ajue unafanya nini, na omba ruhusa kabla hujarekodi na simu. Bibi ongea nae peke yake, tena akiwa anapeta au anabangua korosho, maana mume akiwepo anajibu yeye yote. Mambo ya unyago yaache, kama si yako hayakuhusu.

Halafu rudi baada ya wiki umsikilizishe ulichorekodi. Usiruke hii, anasahihisha sana, na mara nyingi hapo ndo anakumbuka jina la kule walikotoka.