SOMO: Panda mshokishoki, mpeasi uache Lushoto

Assalam alaykum. Swali ni lile lile: "Kuna mipeasi inavumilia baridi, mche nitaupata wapi niupande uani?" Najibu hapa, halafu basi. Mpeasi unataka mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 kila mwaka ndipo uchanue sawasawa. Kipupwe chetu hapa visiwani Zanzibar, hata usiku, ni nyuzi 20 na ushei. Na hiyo mivumilia baridi imekusudiwa nchi za theluji. Kwetu ndiyo mibaya zaidi. Lushoto wanavuna kwa kuwa wako milimani. Anayetaka tunda uani apande mshokishoki (rambutan).

1. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande kabla ya masika.

2. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Mbichi inaunguza mizizi.

3. Mche. Hapa msiruke. Mshokishoki wa mbegu unaweza kutoka dume: utaulea miaka mitano, sita, uchanue vizuri, usizae hata tunda moja. Nunua uliobebeshwa, yaani mche ulioungwa kijiti cha mti unaozaa, na uone kwa macho yako pale palipoungwa. Ukipanda, hapo pabaki juu ya udongo. Chochote kinachochipua CHINI ya hapo kikate mara moja, hata kikiwa kizuri kuliko cha juu. Kinakuwa kizuri kwa sababu kinanyonya chakula cha mwenzake. Ukikionea huruma, kilichobebeshwa kinakufa na unabaki na mti wa mbegu, pengine dume.

4. Kivuli cha makuti mwaka wa kwanza.

5. Maji, hasa kaskazi. Tandaza majani makavu, yasiguse shina.

MASWALI

— Mpeasi nikiuwekea barafu kwenye mizizi?
Hapana. Soma juu.

— Mwalimu, hiyo baridi inaufanyia nini hasa mti?
Swali zuri, ndugu yangu. Macho ya maua hutengenezwa mapema, kisha hulala. Baridi ya muda mrefu ndiyo inayoondoa kizuizi ndani yake, joto likirudi yanaamka pamoja. Bila baridi yanaamka ovyo ovyo au hayaamki kabisa, na tawi linabaki na majani machache nchani. Tofaa za madukani nazo ni hivyo hivyo. Matufaa yetu ni mti mwingine, jamaa wa mkarafuu, hauna haja hiyo.

— Niko Makunduchi, nipande mshokishoki?
Kwenye maweni sikushauri, Bi. Udongo ni mchache na una chokaa, majani yatageuka njano. Jaribu mkomamanga.

— Nimepanda mbegu, hazioti. Mbegu zako za uongo.
Sikukupa mbegu mimi. Ulizianika?

— Nilizikausha mwezi mzima.
Basi ulizifisha. Huoshwa utelezi na kupandwa siku hizo hizo.

— Huku Pemba popo wanatumaliza.
Funika mashada kwa wavu, ami. Wala usiyachume mabichi kuwawahi. Shokishoki haliivi likishatoka mtini. Kata shada na kikonyo chake, yatakaa zaidi.