Kugawanya seli shina za kiinitete cha binadamu bila kuziharibu

Seli shina za kiinitete ni seli zinazoweza kugeuka kuwa seli ya karibu aina yoyote ya mwili. Tangu mwanasayansi James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, atangaze koo zake za kwanza mwaka 1998, yaani seli za asili moja zinazoendelea kuongezeka maabarani, maabara nyingi hazianzi na kiinitete chenyewe. Hupokea ukoo uliokwisha kupatikana, kama H1 au H9, na kazi inayobaki ni kuutunza. Seli hizi zilitoka kwenye viinitete vya siku chache vilivyobaki baada ya matibabu ya uzazi, vikatolewa kwa ridhaa ya wenyewe. Kuzipoteza kwa uzembe ni kosa kubwa, na nyingi huharibikia hapa, kwenye kugawanya, yaani kuzibandua zikijaa na kuzipanda kwenye visima vipya.

Hatua ya 1: sakafu. Kwa sahani ya visima 6, weka kila kisima mililita 1 ya vitronektini, protini ambayo seli hujishikiza nayo, yenye maikrogramu 5 kwa mililita. Acha saa 1 kwenye joto la chumba. Isikauke.

Hatua ya 2: kusafisha. Gawanya koloni, yaani makundi ya seli, zikishajaza asilimia 70 hadi 80 ya kisima. Kwenye hadubini, koloni nzima ina ukingo laini na seli zilizobanana, zenye kiini kikubwa. Ukiona ukingo umechanika, au seli zimetanuka na kulala, hizo zimeshaanza kugeuka kuwa kitu kingine. Zikwangue kwa ncha ya pipeti kabla ya kugawanya, la sivyo utazisambaza kwenye visima vyote vipya.

Hatua ya 3: kubandua. Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu. Kalsiamu ndiyo inayozishikanisha seli. Ikibaki kidogo tu, EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu ili seli ziachane, itaishia kupambana nayo. Weka mililita 1 ya EDTA ya milimola 0.5 kwa dakika 4 au 5, huku ukichungulia. Nyufa nyembamba zikianza kuonekana kati ya seli na koloni bado imeshika sakafu, ondoa EDTA mara moja. Mimina midia (kimiminika cha kulishia seli) mililita 1, puliza kwa pipeti mara mbili au tatu ili koloni zivunjike kuwa vibonge, basi. Ukipuliza zaidi utapata seli mojamoja, nazo hujikunja, hutoa malengelenge na kufa. Vibonge vikibaki vikubwa mno, seli za katikati hugeuka.

Wengi huziba kosa la kupuliza kupita kiasi kwa Y-27632, kemikali inayosaidia seli mojamoja zisife, ya maikromola 10 kila mara. Mimi naona itumike tu kwa saa 24 baada ya kuyeyusha seli zilizogandishwa, au pale unapolazimika kuzitenganisha mojamoja.

Hatua ya 4: kupanda. Seli za kisima 1 zigawe kwenye visima vipya 6 hadi 10. Tikisa sahani mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Ukiizungusha, vibonge hukusanyika katikati. Weka nyuzi 37, kaboni dioksaidi asilimia 5. Badilisha midia kila siku, kwa kuwa FGF2, protini ya kwenye midia inayozizuia seli kugeuka, huharibika haraka kwenye joto hilo.

Ukaguzi. Usitumie antibiotiki, huficha uchafu. Pima mikoplasma (bakteria wadogo sana wanaochafua seli) kila mwezi na kromosomu kila baada ya migawanyo 10 hivi. Jihadhari na ukoo ambao ghafla umekuwa rahisi kukuza. Mara nyingi kipande cha kromosomu ya 20 kiitwacho 20q11.21 kimeongezeka, kikiwa na jeni BCL2L1 inayozizuia seli kufa. Kipande hicho huweza kuwa kidogo kiasi cha kutoonekana kwenye picha ya kawaida ya kromosomu, hivyo kipime peke yake kwa qPCR, kipimo kinachohesabu nakala za kipande cha DNA. Kikipatikana, tupa seli hizo na urudi kwenye akiba ya mwanzo uliyoihifadhi kwenye naitrojeni ya kimiminika.