Kukuza biashara ya hereni za shanga: anza kwa kupunguza mitindo

Mafundi wengi wa shanga hapa Dar wanajua kutengeneza kila kitu: hereni, vikuku, vidani vya harusi, hata ndala za kushonea shanga. Meza inapendeza. Lakini mwenye duka akitaka jozi 30 zinazofanana, kazi inakwama: rangi ile imeisha, na fundi hakumbuki alianzia wapi. Mwongozo huu ni wa fundi anayeuza tayari kwa majirani na sasa anataka maduka.

Hatua ya 1: Baki na mitindo mitatu

Chagua ile iliyonunuliwa mara nyingi na watu wasiokujua. Sifa za mashangazi na mashoga zako hazihesabiki hapa. Ipe kila mtindo jina, andika daftarini saizi ya shanga, rangi zake na idadi ya punje kwa kila mstari, kisha weka jozi moja ya mfano ambayo haiuzwi hata mtu akibembeleza.

Saizi za shanga ndogo za kioo zinakwenda kinyume: namba 11 ni ndogo kuliko namba 8. Ukizichanganya, hereni moja inaning'inia chini kuliko mwenzake. Ukienda Kariakoo, nunua rangi ya oda nzima kwa mkupuo, maana mzigo unaofuata huweza kuja na wekundu mwingine kabisa. Omba punje chache kwanza, uzisugue kwa kitambaa cheupe chenye spiriti. Zilizopakwa rangi juujuu zitaacha alama kwenye kitambaa, na zingeiacha pia kwenye kola ya mteja.

Hatua ya 2: Piga hesabu mpaka kwenye saa zako

Hapa ndipo wengi wanafanya kazi bure. Tuchukue mfano wa jozi moja: shanga sh. 700, ndoano 300, uzi 100, kadi na mfuko 400. Jumla 1,500. Kama inakuchukua dakika 40 na umejipangia sh. 3,000 kwa saa, ongeza 2,000. Nauli, vocha na umeme tuseme 500. Hereni hiyo imekugharimu sh. 4,000, hata kama fedha iliyotoka mfukoni ni nusu yake.

Sasa weka bei ya jumla, mathalani 6,000, na ya rejareja 12,000. Ziwe mbili tangu mwanzo. Ukiuza kwa 6,000 mtaani, mwenye duka hana pa kupata faida yake, na akikuta bei hiyo kwenye status yako ya WhatsApp hatakupigia tena. Kama 12,000 haiuziki, usijikate ujira. Tafuta mtindo unaotungika kwa dakika 20.

Hatua ya 3: Ndoano na fundo

Hereni nzuri huharibiwa na ndoano ya bei chee. Mara nyingi zina nikeli, na masikio ya watu wengi huwasha na kuvimba kwa sababu yake. Umoja wa Ulaya una sheria ya kuidhibiti kwenye mapambo, kwa hiyo mnunuzi wa huko atakuuliza. Tumia chuma kisichoshika kutu, au fedha yenye muhuri wa 925. Tunga kwa uzi wa nailoni, si mshipi wa kuvulia samaki, ambao hukakamaa na kukatika. Ukishafunga fundo la mwisho, rudisha uzi ndani ya punje kadhaa ndipo ukate.

Ukitaka pembe au mfupa, tumia wa ng'ombe. Pembe za ndovu na magamba ya kasa achana nayo kabisa; mtalii atakamatwa nayo uwanja wa ndege, na wewe utatafutwa.

Hatua ya 4: Picha

Saa moja hadi saa tatu asubuhi, karibu na dirisha, bila flashi. Piga moja ikiwa sikioni, ukubwa uonekane. Inatosha.

Hatua ya 5: Nenda dukani

Beba mitindo mitatu, bei ya jumla iliyoandikwa, na siku unazohitaji kutimiza oda. Wengi watakwambia uache mzigo kwa mali kauli, yaani wakiuza ndipo wakulipe. Kubali kwa duka jipya, lakini jozi chache tu: andikeni idadi, bei na tarehe ya kuhesabu, wote mtie sahihi. Tarehe ikifika nenda mwenyewe, na zisizouzika uchukue. Oda ya pili iwe ya kulipia nusu kabla hujatunga. Kwa hoteli na maduka makubwa utadaiwa TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA na jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa hiyo shughulikia hayo mapema.

Hatua ya 6: Ongeza mikono

Usimwite msaidizi kabla oda hazijakuzidi. Akija, mpe mtindo mmoja, jozi ya mfano na ukurasa wa daftari. Mlipe kwa jozi iliyopita ukaguzi, na kiwango kitokane na zile sh. 2,000 za Hatua ya 2. Ukimlipa 500 atajifunza kwako kisha aondoke, na atakuwa na haki. Kufunga fundo la mwisho na kutia ndoano ubaki nako mwenyewe mpaka umeona kazi yake ikirudi dukani bila malalamiko.