Kupata Pembe Sahihi ya Shingo Unapounda Gitaa la Umeme

Kabla ya kushika patasi, nunua daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya kiwiliwili cha gitaa. Pembe ya shingo, yaani kiasi shingo inavyoinama kuelekea nyuma ya kiwiliwili, haichaguliwi, bali huzaliwa na kimo cha daraja, na fundi anayechimba kishimo cha kupokea shingo huku daraja likiwa bado njiani anabahatisha. Mimi nilibahatisha. Katika karakana ndogo kando ya Barabara ya Ngong nilichonga kiwiliwili cha mvule, nikachimba kishimo kwa kukadiria daraja fupi nililolizoea, kisha daraja lililofika likawa refu zaidi. Nililishusha mpaka skrubu zikakataa kuzunguka, na bado nyuzi zilielea milimita 5 juu ya freti ya 12, kimoja cha vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo.

Kwa kuwa Kiswahili huita nyuzi zile tunazopiga na pia vipimo vya pembe, hapa pembe nitaipima kwa digrii ili tusichanganyikiwe.

Anza na mstari unaopita juu ya vichwa vya freti zote, ukiuendeleza hadi mahali pa daraja. Uzi haufuati mstari huo sawasawa, bali huachana nao polepole kadiri unavyokaribia daraja. Ukitaka uzi uwe milimita 2 juu ya freti ya 12, ambayo iko katikati ya urefu wa uzi, basi kwenye daraja nafasi hiyo itakuwa karibu maradufu, ukitoa takriban nusu milimita ambayo nati, kile kipande cha mfupa karibu na kichwa cha gitaa, imekwisha kuuinua uzi. Hiyo ni milimita 3.5.

Sasa pima kimo cha daraja kutoka uso wa mbao hadi pale uzi unapolala, daraja likiwa katikati ya mwendo wake wa kupanda na kushuka. Ukilipima likiwa chini kabisa, hutakuwa na pa kulishusha siku utakapohitaji. Tuseme ni daraja la Tune-o-matic, aina ambayo kampuni ya Gibson ilianza kuitumia mwaka 1954, nalo limesimama milimita 18. Toa 3.5, na mstari wa freti unapaswa kufika kwenye daraja ukiwa na kimo cha milimita 14.5. Shingo inapoingia kwenye kiwiliwili, chukulia ubao wa freti unaanzia usawa wa uso wa mbao, una unene wa milimita 6 na freti yenyewe milimita 1, jumla 7. Kwa hiyo mstari unapaswa kupanda milimita 7.5.

Unapanda katika umbali gani? Kwa uzi wa milimita 628, shingo ikiungana na kiwiliwili kwenye freti ya 16, kutoka hapo hadi darajani ni karibu milimita 250. Gawanya 7.5 kwa 250 upate 0.03, kisha fungua lile jedwali la tanjenti tulilobeba kwenye mtihani wa sekondari: ni digrii 1.7 hivi. Kosa la digrii moja tu hapa huhamisha mstari zaidi ya milimita 4 kwenye daraja, na ndiyo maana sipendi kukopa pembe ya gitaa la mtu mwingine. Magitaa ya kampuni ya Fender kwa kawaida hayahitaji pembe yoyote, kwa sababu daraja lake ni fupi na shingo yake husimama karibu milimita 9 juu ya kiwiliwili.

Hesabu ikikamilika, ichore kwa ukubwa halisi, kwa mwonekano wa ubavuni, kwenye karatasi ya manila. Mchoro humbana fundi pale ambapo hesabu ilimpitia.

Kishimo chenye urefu wa milimita 75 kitakuwa na kina zaidi kwenye ukingo wa kiwiliwili kuliko upande wa daraja, kwa milimita 2.25. Gonga reli mbili za plaiwudi zenye mteremko huo, uziweke kila upande wa kishimo na kuipitisha ruta, ile mashine ya kuchimba mbao, juu yake. Mbao iwe imekauka vizuri, kwani mbao mbichi itapinda na kuipoteza pembe yote.

Kabla ya gundi, jaribu. Kata kipande cha mbao chenye kimo cha milimita 14.5 ukisimamishe mahali pa daraja, kisha laza rula ndefu ya chuma juu ya freti. Inapaswa kugusa kichwa cha kipande hicho bila kukibonyeza. Ikipita chini yake, pembe ni ndogo, na nyuzi zitakuwa juu mno. Ikielea juu yake, pembe imezidi, na nyuzi zitalalia freti. Shingo ya skrubu inaponywa kwa kabari nyembamba: nusu milimita upande wa kishimo ulio karibu na daraja huinua mstari darajani kwa milimita 1.7 hivi. Shingo ya gundi haina dawa hiyo, kwa hiyo rudia jaribio la rula mara mbili, pamoja na nyuzi mbili za pembeni zikiwa zimekazwa.