Mtoto wa Mbwa Anayelia Usiku: Namna ya Kumlaza Bila Kumtoa Nje

Simu nyingi zinazonifikia kabla ya saa mbili asubuhi huanza hivi: "Daktari, sijalala." Mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo hapa Nakuru. Mchana niko kwa ng'ombe wa maziwa upande wa Bahati na Njoro, jioni nazunguka mitaani kwa mbwa na paka. Mbwa ninaoitiwa kwa sababu ya kelele za usiku karibu wote ni wadogo, wa kukaa ndani, walionunuliwa wakiwa na wiki nane hivi. Na karibu kila mwenye mbwa ameshaambiwa na jirani au shemeji: "Mbwa ni wa nje. Mtoe, atazoea." Mtoto wa mbwa wa kilo moja hazoei baridi ya mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa.

Hatua ya 1: Jua analilia nini

Usiku wa kwanza andika saa anazolia. Akianza dakika chache tu baada ya taa kuzimwa, huyo ni mpweke. Tangu azaliwe amelala akibanana na mama na ndugu zake. Akilala fofofo kisha akaamka saa saba au saa nane akizungukazunguka na kunusa sakafu, ana mkojo. Ukisikia kucha zikikwaruza, shuku viroboto. Akijikunja na kutetemeka, ni baridi au njaa. Kumchapa hakutibu hata kimoja kati ya hivi. Anayechapwa kwa sababu ya mkojo hujifunza kukojoa mafichoni tu.

Hatua ya 2: Mkague mchana

Mlaze kwenye kitambaa cheupe umchane kwa kitana cha meno ya karibu karibu. Vikianguka vijichembe vyeusi, vilowanishe. Vikitoa rangi ya damu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Wale unaowaona ni wachache, kwani mayai na mabuu yamejaa kwenye tandiko na nyufa za sakafu. Fua tandiko kwa maji ya moto, lianike juani, fagia kila pembe. Dawa nunua ya mbwa, ya umri na uzito wake. Naomba sana, usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimewahi kuitwa kwa watoto wawili wa mbwa waliopakwa dawa hiyo. Mmoja hakufika asubuhi.

Dawa ya minyoo nayo ni ya lazima, kwa sababu minyoo humwingia mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Tumbo likivimba huku mbavu zinahesabika, hatapata raha ya kulala hata umtandikie godoro.

Kama mbwa wako ni mtu mzima, alikuwa akilala vizuri na ghafla ameanza kulia au kukohoa usiku, mwongozo huu haukuhusu: mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda ni maumivu au moyo. Na kama hajachanjwa, sauti imebadilika, anatokwa na mate na kuuma ovyo, usimguse kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Piga simu kwa ofisi ya mifugo mara moja.

Hatua ya 3: Boksi kando ya kitanda

Hapa ndipo watu hunibishia, na hapa ndipo kazi ilipo. Tafuta boksi imara linalomtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Lisizidi hapo, maana kona ya ziada ataigeuza choo. Tandika sweta kuukuu uliyoivaa bila kuifua, ibaki na harufu yako. Ukipewa kitambaa kutoka alikozaliwa, hicho ni bora zaidi. Jaza chupa maji ya moto yasiyochoma, ivike soksi nene, iweke upande mmoja ili joto likizidi aweze kusogea. Kisha weka boksi mahali ambapo mkono wako utafika ukiwa umelala. Akilia, teremsha vidole avinuse, usiseme neno.

Mwalimu mmoja wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru alikuwa amemfungia mbwa wake jikoni siku sita, na kila usiku jirani akigonga ukuta. Usiku wa kwanza wa boksi alilia kama robo saa. Usiku wa tatu hakulia. "Lakini daktari, watu wanasema namdekeza," akaniambia. Nikamuuliza, "Mwalimu, mtoto wa chekechea siku ya kwanza si hushikwa mkono hadi darasani?"

Hatua ya 4: Jioni

Cheza naye kabla ya giza, asisinzie kwenye kochi jioni nzima. Mlo wa mwisho uwe saa moja jioni. Aliye mdogo sana, chini ya miezi mitatu, mwongeze kijiko kimoja au viwili kabla ya kulala, kwa sababu akikaa na njaa sukari hushuka mwilini. Ukimkuta amelegea na kutetemeka, mpake asali kidogo kwenye ufizi na umkimbize kwa daktari. Maziwa ya ng'ombe yaache, huwaharisha wengi.

Hatua ya 5: Amka kabla yake

Hesabu miezi yake, ongeza moja: hizo ndizo saa anazoweza kubana mkojo, kwa makadirio. Wa miezi miwili ni saa tatu, na walio wadogo sana hupungua hapo. Basi akikojoa saa nne usiku, tega kengele ya simu saa saba. Mbebe, kwa maana akitembea atakojoa mlangoni. Mpeleke palepale kila siku, kwa mwanga hafifu, bila mchezo. Anayeishi ghorofani aweke beseni la udongo kwenye roshani. Akimaliza msifu kwa sauti ya chini, mrudishe. Ukingoja alie ndipo uamke, unamfundisha kwamba kilio ndicho kinachokuinua. Akipitisha siku tatu bila kulowesha tandiko, sogeza kengele mbele kwa dakika 15.

Hatua ya 6: Sogeza boksi

Baada ya wiki mbili tulivu, anza kulisogeza kuelekea mlangoni, hatua moja ya mguu kila usiku wa pili, hadi sebuleni kama ndiko unakotaka alale. Atakujaribu kwa kulia. Ukishahakikisha hana mkojo, baridi wala njaa, vumilia. Kilio huweza kupanda kwa siku mbili kabla hakijashuka, na ukikubali kumchukua siku hiyo ya pili, atalia zaidi ya hapo kesho yake. Waarifu majirani mapema. Akikataa kabisa nafasi mpya, rudisha boksi pale alipolala vizuri mara ya mwisho, mwache siku mbili, kisha songa nusu hatua.