Kabla Hujatia Samadi Kwenye Shamba la Karanga

Mkulima wa karanga anayeanza kutafuta samadi mvua zikiwa zimeshaanza kunyesha amechelewa. Samadi mbichi ikikutana na mbegu huvuta mchwa, huleta mbegu za magugu na huweza kuunguza miche. Kwa hiyo jambo la kwanza ni muda: lundo lianze kuozeshwa miezi mitatu hivi kabla ya kupanda, likichanganywa na majani makavu, liwe na unyevu wa kiasi na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka na joto, bado. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo, na huwezi tena kutofautisha jani na kinyesi.

Uliza samadi imetoka wapi. Zipo dawa za kuua magugu ambazo ng'ombe akila majani yaliyopuliziwa hupita tumboni na kubaki kwenye kinyesi, nazo huathiri vibaya jamii ya kunde, karanga zikiwamo. Jaribio lake ni rahisi na ningeshauri lisirukwe: panda maharage kwenye kopo la udongo mtupu na kopo jingine la udongo uliochanganywa na samadi hiyo. Baada ya wiki tatu, majani ya kopo la pili yakijikunja na kujisokota huku ya kwanza yakiwa mazima, usiipeleke shambani.

Kiasi nacho kinahitaji kujizuia. Karanga hupata sehemu kubwa ya naitrojeni yake kutoka hewani, kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Ukiilisha naitrojeni nyingi, vinundu hupungua, majani hustawi na karanga huwa chache. Mbolea ya kuku ndiyo inayowaponza wengi kwa sababu ni kali kuliko ya ng'ombe. Kwa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, tani 5 kwa hekta zinatosha mashamba mengi, yaani nusu kilo kwa kila mita moja ya mraba. Itawanywe sawasawa na kuchanganywa na udongo wa juu wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Ila mpango ninaoupenda zaidi ni kuweka samadi nyingi kwenye mahindi au mtama msimu uliotangulia, kisha karanga zifuate na kula masalio. Hapo unakuwa pia umebadilisha mazao, na magonjwa ya karanga yanakosa pa kujificha.

Halafu kuna kalsiamu, ambayo husahaulika sana. Ua la karanga likishachavushwa hutoa kikonyo kinachozama ardhini, na ganda linalokua huko hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Ile iliyopandishwa na mizizi hadi kwenye majani hairudi chini kulilisha. Ikikosekana, unavuna maganda matupu hata kama shamba lilikuwa la kijani kibichi, na samadi peke yake mara nyingi haitoshi kuziba pengo hilo, hasa kwenye udongo wa kichanga. Pima udongo mapema. pH, yaani kipimo cha uasidi, ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa kabla ya kupanda. Kama uasidi si tatizo lakini kalsiamu ni haba, tafuta jasi, madini yenye kalsiamu, ya kuweka maua yanapoanza.

Chagua pia kisichostahili kuingia kwenye lundo: maganda na karanga zenye ukungu, kwa kuwa kuvu wanaotengeneza sumukuvu wanaweza kurudi nazo shambani.

Mwisho, amua sasa mashina na majani yatakwenda wapi baada ya mavuno. Yakichomwa au kuondolewa yote, naitrojeni iliyokusanywa msimu mzima inaondoka nayo, na shamba linaweza kubaki maskini kuliko lilivyokuwa. Yale yasiyo na ugonjwa yafukie. Kama ni ya kulisha mbuzi au ng'ombe, tenga kabisa mahali pa kukusanyia kinyesi chao, pawe na kivuli na pasipofikiwa na maji ya mvua.